Kasi ya Kukimbiana

Mutsamudu, 8 Machi 1998

Kwa mwanangu Saandia, Moroni.

Mbona, mwanangu, nakuitikia hata kabla hujanipa kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa, maana najua utanipa. Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Mimi mama yako Moinafouraha mzima, ila goti, na goti unalijua. Koko, bibi yako, mzima, anakusalimu, anasema anakula vizuri. Si kweli, lakini anasema. Kamilia, mtoto wa marehemu dada yangu, mzima, ameng'oka jino la mbele na anacheka makusudi tulione. Mjomba wako Bachir mzima, ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na majora yake ya vitambaa. Kuku mweusi mzima. Mbuzi hatunaye tena, usiulize, ilikuwa Idi. Jirani yetu Zaidou anakusalimu sana, yule aliyekuwa akiuza mafuta ya taa hapo kwenye kona. Sasa kisiwa chetu kimejitenga, naye ni Waziri wa Mambo ya Nje wa Nzwani huru. Mafuta ya taa hayapatikani, kwa hiyo alikuwa na nafasi.

Cherehani haipumziki. Mwaka jana nilishona bendera za Ufaransa mpaka vidole vikafa ganzi, maana wakubwa walisema tunaachana na Moroni turudi kwa Mfaransa. Mfaransa akasema ahsanteni, nimeshiba. Basi bendera zikarudishwa kwangu nizifumue. Kipande chekundu kimekuwa bendera mpya. Cheupe nimekikata mkono na mwezi wa kuweka katikati. Buluu ilibaki, nimemshonea Kamilia sketi ya shule. Shule yenyewe haijafunguliwa.

Sasa jambo lenyewe. Chumba chako cha juu kimekwisha, dari imepigwa chokaa. Mtoto wa kike wa kwetu huolewa nyumbani kwake, mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Chumba kipo, mume hayupo, na mwenye chumba naye hayupo. Watu wananiuliza nyumba ile ni ya nani, nasema ya Saandia. Wanauliza Saandia ni nani.

Ulisema hukuja Idi kwa sababu unawafundisha wanafunzi wako wa lise ya sekondari kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Mwanangu, visingizio nimevisikia. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa visingizio, lakini hata siku moja hakuusingizia ulimwengu mzima. Nieleze basi, nielewe. Nilisoma miaka minne Unguja kabla babu yako hajaturudisha kwetu, ndiyo maana tunaandikiana kwa Kiswahili, maandishi mengine sina. Miaka minne si kidogo kwa mwenye masikio.

Nijibu kabla Bachir hajageuza safari.

Mama yako.


Moroni, 29 Machi 1998

Kwezi, mama. Kwezi kwa Koko, na Kamilia alifiche jino. Mimi mzima. Redio ya huku inatangaza kwamba Nzwani imekwisha kurudi. Imetangaza hivyo tangu Septemba, kwa hiyo mkiwa bado hamjarudi mtuambie.

Ulimwengu si kisingizio. Chukua lastiki ya kiunoni, ushonee vifungo vinne vyenye nafasi sawa, kisha uivute. Kifungo cha jirani kitasogea kidogo, cha mbele yake zaidi, cha mwisho zaidi kuliko vyote. Hivyo ndivyo makundi makubwa ya nyota yanavyoachana. Lililo mbali zaidi linakwenda mbio zaidi.

Kwamba vinaachana, wataalamu wamekubaliana. Wanagombania kasi. Kwa miaka mingi kambi moja ilisema hamsini, nyingine ikasema mia, na kila kambi ikasema wenzao hawajui kupima. Sasa wamesogeleana, wengi wanataja karibu na sabini. Maana yake ni kilomita sabini kwa sekunde kwa kila hatua moja ya mbali, na hatua hiyo ni kubwa, nuru huitembea zaidi ya miaka milioni tatu.

Kupima umbali ndiko kugumu. Hutumia nyota ambazo ukali wa mwanga wake unajulikana, kama unavyoijua karabai ya jirani. Ukiiona hafifu, ujue iko mbali.

Nimepokea kitambaa ulichompa Bachir, kizuri sana. Mwalimu mwenzangu wa hesabu, Dhoihir, anakusalimu. Ndiye aliyenipa mfano wa lastiki.

Saandia.


Mutsamudu, 3 Mei 1998

Mwanangu Saandia, salamu za hapa ni zilezile, wote wazima kama nilivyowataja, ila kuku mweusi, Mungu amlipe.

Lastiki nimeivuta. Nilitumia ya gwanda la Zaidou, nyingine sikuwa nayo. Alipokuja kulichukua alinikuta naivuta, akaketi akaanza hotuba, siku hizi hawezi kuketi bila hotuba. Akasema, "Bi Moinafouraha, dunia ielewe. Sisi hatukuondoka. Moroni ndiyo iliyotukimbia."

Nikamuuliza, "Na Moroni wanasemaje?"

"Wanasema sisi ndio tuliokimbia. Waongo wakubwa!"

Nikampa kifungo cha kwanza. "Kishike, mheshimiwa, usitikisike." Nikavuta. "Umesogea?"

"Mimi? Nimetulia kama msikiti."

"Na kile cha mwisho?"

"Kinatoroka! Ona kinavyotoroka!"

"Haya, njoo ukishike hicho kinachotoroka." Akaja, nikavuta tena. Akakitazama kile cha kwanza kikimkimbia, naye ametulia kama msikiti upande wa pili. Akaigeuza lastiki, akatafuta chapa. Kisha akaniuliza kama lastiki hii imenunuliwa Moroni.

La taa nina neno. Jana niliangalia juu mlimani, kijiji cha Patsy, kwenye taa ya Inzoudine, mwalimu wa chuo aliyekusomesha Kurani. Nikaiona hafifu. Kwa hesabu yako Patsy imehama. Nilipomuuliza, kumbe chimni ina masizi na mafuta ameyaongeza maji. Waulize wataalamu wako kwa adabu, nyota zao wamezifuta chimni?

Tena, ikiwa kila kitu kinaachana na kila kitu, kwa nini sufuria yangu haiachani na mafiga? Ningefurahi, ningepata sababu ya kutopika.

Na huyo Dhoihir ni nani? Ana mama? Salamu za mwanamume hazipandi mashua bure. Hukuniambia lolote la chumba. Nimesoma barua yako upande wa mbele na wa nyuma, chumba sikukiona.

Nijibu.

Mama.


Moroni, 20 Julai 1998

Kwezi, mama. Pole kwa kuku.

Swali lako la chimni nililisoma darasani. Wanafunzi walicheka, kisha nikawaambia kwamba vumbi lililo kati yetu na nyota ni wasiwasi wa wataalamu wenyewe, wanalitafuta kila siku. Hawakucheka tena.

Nina habari mpya. Kambi mbili zimepima taa za mbali kupita zote za zamani. Zote zilitarajia kuona kutanuka kunapungua mwendo, kama mashua iliyozima injini. Zimekuta taa ni hafifu kuliko matarajio, yaani ziko mbali zaidi. Kasi inaongezeka, mama. Na hakuna ajuaye nani anasukuma.

Kuhusu sufuria, usiwe na tamaa. Vitu vilivyoshikana kwa nguvu havitanuki. Dunia haiachani na jua, sufuria haiachani na mafiga. Kinachotanuka ni nafasi kati ya vitu visivyoshikana.

Dhoihir ana mama, anaitwa Bi Asmahane, wa Vouvouni, hapa Ngazija. Ni mwalimu mzuri.

Likizo hii kuja itakuwa vigumu.

Saandia.


Mutsamudu, 6 Oktoba 1998

Mwanangu Saandia, sote wazima, nakusalimu kwa pumzi moja kwa sababu leo nina kesi ya kukusimulia.

Barua yako ilisomwa kabla yangu. Bachir alipekuliwa bandarini, barua ikatolewa ndani ya jora la hariri, ikakaa huko wiki na wiki. Kisha wakaja watu watatu wenye bunduki moja kuniita kwenye Kamati. Koko yako akawaambia wanisubiri nivae shuka langu la shiromani vizuri, wakasubiri.

Ndani walikuwa mawaziri sita nyuma ya meza ya shule. Zaidou, kwa kuwa alifanya biashara Mombasa na anasoma Kiswahili, ndiye aliyeishika barua. Hanitazami usoni, na gwanda alilovaa nimelishona mimi.

"Mama Saandia," akasema, "mwanao anaandika kwamba huko wanatanuka."

"Ulimwengu ndio unaotanuka, mheshimiwa. Unaujua. Uliushika kwa mkono wako kwangu."

Akakohoa. "Hilo lilikuwa faragha. Katika barua ya kwanza, ambayo nakala yake tuliipata..." Mwanangu, waliipata wapi? "...walikuwa hamsini. Kisha sabini. Katika hii wamefika mpaka mwisho na kasi inaongezeka, na hakuna ajuaye nani anawasukuma. Kamati inauliza, hao sabini watashuka ufukwe upi?"

Hapo nikaelewa kwamba wanawaza majeshi ya Moroni, yale yaliyokuja mwaka jana yakarudi yanachechemea. "Si askari," nikasema. "Ni kilomita."

Yule wa ulinzi akasimama. "Kilomita sabini? Basi wameshapita kisiwa cha Mwali!"

"Kwa sekunde," nikasema.

Wakatazamana. Wa ulinzi akaketi taratibu. "Mashua ya namna hiyo haipo."

"Wamepewa na wazungu," akasema wa habari.

Nikaona hapa nitalala ndani. Nikatoa lastiki mkobani, maana siku hizi natembea nayo, nikasema kila mheshimiwa ashike kifungo chake nao wataona. Ukatokea ugomvi wa nani ashike kifungo cha kwanza. Nikawaambia hakuna cha kwanza, kila kimoja kinajiona katikati, muulizeni Zaidou. Wakakataa. Serikali haiwezi kuwa na vifungo vyote katikati. Wa ulinzi akavuta kwake, wa fedha akavuta kwake, Zaidou akashikilia kwa heshima ya nchi, lastiki ikakatika. Ilimpata wa ulinzi mdomoni. Huo ndio mlipuko pekee uliotokea katika shauri lako.

Waliandika hukumu, nimepewa karatasi yangu. Inasema nchi huru ya Nzwani haina upinzani na kutanuka kwa ulimwengu, mradi usipite katika maji yake bila ruhusa. Wakapiga muhuri. Muhuri ni uleule wa Jamhuri tuliyoiacha, mpya haujachongwa.

Mlangoni Zaidou akaninong'oneza, "Bi Moinafouraha, kweli hakuna anayejua nani anasukuma?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Hata kwetu."

Nimecheka mpaka nyumbani, mwanangu, halafu nilipofika nikapanda chumbani kwako nikakaa juu ya kitanda kisicho na shuka. Nimelijibu swali la Kamati nzima, na wewe swali langu moja hujanijibu. Unakuja au huji? Na mama wa mwalimu wa hesabu umenitajia jina, ila mwalimu mwenyewe umemwekea nini mpaka unamfunika hivyo?

Nijibu kabla mvua hazijafunga njia.

Mama.


Mutsamudu, 14 Januari 1999

Mwanangu Saandia, Ramadhani njema ya kumalizia. Sote wazima.

Redio usiisikilize. Desemba kulikuwa na kelele kidogo. Tulikuwa nchi moja dhidi ya Moroni, kisha tukawa nusu mji dhidi ya nusu mji, mwisho mtaa huu dhidi ya mtaa ule. Wewe ulishasema kasi inaongezeka. Tulipanda Patsy siku kadhaa kwa Inzoudine, kubadilisha hewa. Chimni yake sasa safi. Koko yako alitazamwa hospitali ya Hombo, ni sikio moja tu, na lile lingine anasema linamtosha kwa mambo yanayosemwa siku hizi.

Chumba chako kizima. Tena kina mwanga mwingi.

Jibu halijaja tangu mwaka jana. Labda liko njiani.

Mama.


Vouvouni, 2 Mei 1999

Kwezi, mama. Mimi mzima kabisa. Redio usiisikilize.

Nimehamia Vouvouni kwa muda. Upepo wa huku ni mzuri kwa kifua. Shule imefungwa kidogo, darubini yetu ya kadibodi wanafunzi wameichukua waitunze. Naandika kwa haraka, kuna mtu anakwenda kisiwa cha Maore, atakayeipeleka barua kwenu kutoka huko.

Mwanga umetoka wapi, mama? Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa Zaidou. Niambie ukweli.

Saandia.


Mutsamudu, 1 Juni 1999

Mwanangu Saandia, binti yangu, jicho langu, nyumba yangu ya juu.

Assalamu alaykum kwako, na kwa Bi Asmahane mwenye nyumba uliyomo, na kwa Dhoihir mwanawe, na kwa kila aliye chini ya paa lile, hata paka kama wanaye. Sisi wazima. Mimi mzima. Koko yako mzima, anakusalimu kwa upande wa sikio lililobaki. Kamilia jino limeota, limeota upande. Zaidou si waziri tena, anauza kuni. Na mjomba wako Bachir mzima, yuko hapa, amelala.

Huna ugonjwa wa kifua, Saandia. Nilikuzaa mimi, kifua chako nakijua.

Bachir alishuka bandarini pamoja na watu wengi, chombo kimeinama kwa uzito wao. Watu wetu wote waliokuwa Moroni, mwenye mtoto, mwenye godoro, mwenye kiatu kimoja. Wakubwa walikwenda Antananarivo kutia saini mapatano ya kuungana tena, wa kwetu hawakutia, na huko kwenu vijana wakatoka barabarani kumtafuta mwenye lahaja ya Nzwani. Nilisimama gatini mpaka mtu wa mwisho. Hukushuka. Mwanangu, nimeisikia bunduki ya Desemba, lakini sijawahi kusikia kitu kama ule ukimya wa ngazi ya chombo iliyokwisha watu.

Bachir akanishika mkono akaniambia. Kwamba wale vijana walifika mpaka Vouvouni. Kwamba Bi Asmahane, na mimi nilidhani ni mtu wa jina tu katika barua, alitoka akaketi kizingitini na sinia la mchele, akaendelea kuchagua mawe. Wakamwambia, "Mama, tumesikia una mgeni wa Nzwani." Akasema, "Mgeni sina. Nina binti. Mnaomtaka binti yangu mpite hapa, mnirukie, na atakayeniruka mimi nitamtajia mama yake na bibi yake kwa majina, maana wote nawajua." Hakuruka mtu. Bachir aliona kwa macho yake, alikuwa nyuma ya pipa.

Kwa hiyo jibu la swali langu nimelipata kwa mdomo wa Bachir, si wako. Mlifunga ndoa Februari, mjomba akakuozesha, akatishwa na wewe asiniambie. Nilikasirika kwa muda wa kutosha. Hasira yenyewe haikuwa ndoa. Ilikuwa wewe kukaa nyumbani kwa mama wa mume, jambo ambalo kwetu wala kwao halifanyiki, kama mtu asiyejengewa. Halafu nikakumbuka lile sinia la mchele. Mwambie Bi Asmahane kwamba mimi sina cha kumpa, ila akija nitampa kitanda changu na mimi nitalala chini.

Na wewe umeniuliza ukweli wa mwanga. Paa, mwanangu. Desemba liliingia kombora, la kambi gani sijui, kila kambi inasema wenzao hawajui kulenga. Tundu ni la kupita ng'ombe. Dari yenye chokaa imo kitandani kwako. Sikukuambia, nilifikiri ukijua hakuna chumba hutakuwa na sababu ya kurudi. Nawe hukuniambia una mume, ukifikiri nikijua ni wa Ngazija nitakufungia mlango. Tumekimbiana hivyo, kila mmoja ametulia kama msikiti.

Lakini chini ya lile tundu nimekaa na kufikiri. Nilichukua lastiki mpya, nikashona vifungo. Vifungo viwili sikuvishona juu ya lastiki yenyewe. Nilivishona juu ya kipande cha turubai ngumu, kisha turubai hiyo nikaipachika katikati. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, Kamilia upande mmoja. Vingine vyote vilikimbia, Saandia. Vile viwili havikusogea hata unywele. Ulisema vitu vilivyoshikana havitanuki. Nimekuamini sasa, kwa sababu nimeona kwa kazi ya mkono wangu.

Nakutumia ile turubai ndani ya barua hii. Viwili ni mimi na wewe, na utaona nimeongeza kifungo cha tatu. Si sare na vingine, kilitoka kwenye koti la mwanamume, ni kikubwa kidogo kama kichwa cha mwalimu wa hesabu, lakini uzi ni uleule. Mila haijabadilika, mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Sanduku lake alete, na mabati alete, na kwa kuwa anajua hesabu apige ni mabati mangapi yanatosha tundu la ng'ombe. Nitamvisha kofia niliyoshona mwenyewe. Kamati ikimuuliza anatoka wapi, ninayo karatasi yenye muhuri: hawana upinzani.

Barua sasa inapitia Maore na haina haraka kama mama. Basi usingoje kutafuta maneno mazuri. Ukikosa karatasi, nirudishie turubai peke yake kama ilivyo, vifungo vitatu, nitaelewa mnakuja. Ikija na viwili nitaelewa pia kwamba mwalimu haji, nitalia kidogo, kisha nitashona. Ila upesi, mwanangu, upesi. Mvua zikianza, chumba chako kitakuwa kisima.

Mama yako,
Moinafouraha.